Mguu Hauna Patroni

Vijana wangu, mniruhusu nianze na mguu huu, maana ndio mnaoutazama kila nikipita.

Niliuvunja Bisie, kule Walikale. Mawe ya kasiterite, yaani ya bati, yalipojulikana huko mwaka wa 2002, tulishuka kutoka Masisi makundi kwa makundi. Mimi sikuwa hata shimoni, nilikuwa mbebaji. Kutoka Bisie hadi Njingala zilikuwa kilomita kama 45 za msitu na matope, na mtu alibeba kilo 50 mgongoni, akalipwa akishafika. Sikufika. Niliteleza kwenye gogo la kuvukia mto, mzigo ukaniangukia. PDG, ndivyo tulivyomwita mwenye shimo, alinitumia pesa ya sabuni na salamu za pole. Sikumlaumu. Hakuwahi kunipa kazi, alinipa mzigo.

Matibabu yalilipwa. Lisikieni vizuri hilo. Ndugu walichanga, mbuzi wawili wakauzwa, mfupa ukafungwa, nikatoka hospitalini bila deni. Kilichotumaliza ni miezi 7 iliyofuata. Mke wangu alilima mashamba ya watu kwa mihogo ya jioni, mtoto wa kwanza akarudishwa nyumbani kwa kukosa minervali ya shule, na shamba letu la Masisi likawekwa rehani. Halijarudi hadi leo. Mtu akiniuliza ajali ile ilinigharimu nini, hospitali siitaji. Nataja shamba.

Basi mnaponiuliza mchague mutueli gani ya afya, mmeniuliza nusu ya swali. Mutueli hulipa dawa, kitanda, upasuaji. Siku ambazo hukufanya kazi ni zako mwenyewe. Mfanyakazi wa kampuni ana CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: mwajiri humchangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini, na mfanyakazi hakatwi kitu kwa hilo. Mchimbaji wa Rubaya, motari wa Sake na pikipiki yake, mama anayeuza mafuta ya mawese sokoni Walikale, asilimia hiyo atachangiwa na nani? Kadi ya mchimbaji inakupa ruhusa ya kuchimba tu. Sheria ya madini ya 2018 inakutaka uwe ndani ya kooperativi. Sawa, uliza kooperativi yako hufanya nini udongo ukianguka, na uulize mkutanoni mbele ya watu, usiulize pembeni.

Motari, nawe sikia. Ile karatasi ya asiransi unayowaonyesha polisi inamlinda yule utakayemgonga. Ukianguka peke yako kwenye matope, haikujui. Nimeona vijana wakiikunjua kitandani hospitalini kama hirizi.

Sisemi msijiunge na mutueli. Jiungeni. Tangu Februari 2017 nchi ina sheria yake ya mutueli, na wazo lenyewe wazee wetu walilijua kabla ya sheria: mgonjwa alipobebwa kwa kipoyi, kila nyumba ilitoa bega. Lakini kabla ya kutoa pesa, ulizeni. Kadi itapokelewa wapi? Mara nyingi mkataba ni na vituo vichache vya zoni moja ya afya. Leo uko Rubaya, risasi zikilia kesho utakuwa Goma, na kadi itakufaa kuwekea alama kwenye Biblia. Utangoja miezi mingapi kabla ya kuanza kutibiwa? Sehemu yako ya bili ni ipi? Mfupa uliovunjika unahesabiwa, au ni malaria na uzazi tu? Wakisema andikisha nyumba nzima, msigombe nao: kila nyumba ikileta mgonjwa wake tu, sanduku litakauka kabla ya mvua ya pili. Najua mtanijibu kwamba hospitali kuu ya Masisi inasaidiwa na MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, tangu 2007 na watu hutibiwa bure. Kweli, na Mungu awabariki. Ila daktari wa bure hamlipii mtu kodi ya nyumba.

Zile siku za kukaa bila kazi zinataka sanduku lingine, na huku kwetu silioni isipokuwa AVEC, chama cha akiba na mikopo cha kijiji: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Shida ni kwamba mnanunua hisa kwa bidii ili mgawane mwisho wa mzunguko, na mfuko wa msaada mnautupia makombo. Andikeni kwenye kanuni zenu kwamba mwanachama akivunjika atapokea kiasi fulani kila wiki, kwa wiki mlizokubaliana. Pole ya mara moja huisha na sukari yake. Halafu msiwe wote wa kazi moja. Wachimbaji 25 wa shimo moja wakiweka pamoja, shimo likiporomoka nani atampa mwenzake? Mtafuteni mwalimu, fundi cherehani, mama wa soko, motari wawili. Wawili wanatosha.

Wengine mnasema akiba yenu ni ng'ombe. Baba yangu alisema hivyo hivyo. Machi 1993 vita vilianza Ntoto, Walikale, vikapanda hadi Masisi, na katika zizi letu haikubaki hata kamba. Wengine mnasema benki. Januari 2025, vita vilipofika Goma, benki zilifunga milango, na wenye akaunti nono wakazunguka wakitafuta wa kuwakopesha unga.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kuniomba pesa ya tairi ya pikipiki. Nikamwambia alete kwanza daftari lake la AVEC. Alilileta, akanipa huku akitazama mlangoni. Upande wa hisa umejaa mihuri. Upande wa mfuko wa msaada, tangu Machi, hakuna hata mmoja. Tairi bado iko dukani.