Akiba ya Nyumba na Haki ya Jirani

Wazee wetu walituachia methali mbili tunazozisema mara nyingi pasipo kuziweka pamoja. Ya kwanza ni: Akiba haiozi. Ya pili ni: Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Ya kwanza yamwambia mwenye nyumba aweke. Ya pili yamkumbusha ya kwamba kuna mtu mwingine nyuma ya ua. Siku za amani methali hizi hazigombani, lakini siku ya hatari zinagombana. Umebaki na bidoni mbili za maji, jirani mwenye mtoto anayeharisha anapiga hodi: utafuata ipi? Hilo ndilo swali tunalotaka kulichunguza pamoja na wasomaji wetu.

Kwetu Kivu swali hili si la darasani tu. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto wake ukapita katikati ya Goma, ukateketeza sehemu kubwa ya mji na kufika hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Siku tano baadaye, gavana akaamuru watu wa kartye 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Mei 2023, mvua na matope vilifagia Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, vikaua mamia ya watu. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, maji ya bomba na umeme vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki yakafunga milango, na maghala ya misaada yenyewe yakaporwa. Watu walishuka ziwani na bidoni kichwani au juu ya chukudu, wakachota maji ambayo kila mtu anajua yanaweza kuleta kipindupindu.

Katika siku kama hizo, msaada wa mbali hauji saa ile ile. Hata wenye nia njema hawana njia ya kupita. Kwa hiyo, saa za kwanza na siku za kwanza ni za nyumba yenyewe. Anayesema "tungojee, watatuletea" anaweka maisha ya watoto wake mikononi mwa mtu asiyemjua, tena aliye mbali.

Basi watu wanasema: "Kila mutu ajipange." Neno hili ni zuri, lakini lina maana mbili, na tusizichanganye. Maana ya kwanza: panga nyumba yako mapema. Maana ya pili: kila mtu na shida yake, usinisumbue. Hii ya pili ni ndugu wa ile "Article 15" tunayoitania tangu zamani, ya kwamba kila mtu ajitafutie namna yake. Sisi tunaona ya kwamba maana ya kwanza ni mafundisho ya wazee, na ya pili ni ugonjwa uliotupata kwa sababu ya miaka mingi ya taabu.

Tukumbuke ginsi mavuno yalivyowekwa kijijini. Hayakuwa chakula cha tumbo moja. Kulikuwa na sehemu ya kula. Kulikuwa na mbegu, ambayo haikuguswa hata njaa ikiuma, kwani anayekula mbegu amekula mwaka unaokuja. Tena mama wa nyumba hakupika kwa kuhesabu vichwa. Alizidisha kidogo, juu ya mgeni anayeweza kutokea mangaribi. Mihogo nayo ilibaki ardhini miezi mingi, ikangojea siku ya shida. Kwa hiyo, katika akiba ya wazee, jirani na mgeni walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kabla ya hodi kupigwa. Kutoa hakukuwa ajali iliyoharibu mpango. Kulikuwa ndani ya mpango.

Mjini hatuna shamba nyuma ya nyumba, lakini hesabu bado tunaweza kuifanya. Tuchukue nyumba ya watu saba. Kwa kunywa na kupika tuhesabu litre tano kwa mtu kwa siku moja. Ni litre 35 kwa siku, na 105 kwa siku tatu: bidoni tano za litre 20 na kidogo juu. Kwa chakula, tukumbuke makala. Maharagi makavu ni akiba nzuri, lakini yanakula makala mengi na maji mengi. Unga, karanga na sambaza kavu vinaiva upesi. Tusisahau chumvi na sukari: katika litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hutengeneza maji ya kumnywesha anayeharisha wakati anapelekwa kwa mganga. Ongeza taa, kiberiti, na makaratasi ya familia ndani ya mfuko mmoja usiopitisha maji.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu hii peke yake haitatui. Januari 2025, watu wengi walijifungia ndani siku kadhaa, na mwenye unga na maji alipona kwa unga na maji yake. Mei 2021 ilikuwa kinyume: amri ilisema kuondoka, na mfuko wa unga ukabaki nyuma ya kufuli. Watu walitembea kwenda Sake, wengine Minova, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi, na watoto wengi wakapotezana na wazazi njiani. Siku hiyo kilichomsaidia mtu ni nyumba ya mwingine iliyomfungulia mlango, na jirani aliyemshika mtoto mkono. Nyumba ile iliyofungua mlango ingempa nini mkimbizi kama haikuwa na kitu ndani?

Hapo ndipo tunaona ya kwamba zile methali mbili ni moja. Aliye na mikono mitupu anaweza kuhurumia, lakini hawezi kumnywesha mwenye kiu. Akiba ndiyo inayompa mtu uwezo wa kuwa jirani mwema. Na akiba isiyo na jirani ni ya siku moja tu, yaani siku ile hatari inapokuruhusu kubaki nyumbani.

Kuna watakaotupinga wakisema: "Yule alikuwa na franga, akazinywea bia. Kwa nini mimi nilipe uzembe wake?" Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini tutenganishe watu. Kuna aliyeweza kuweka, akakataa. Na kuna mama anayeuza nyanya barabarani, anayenunua unga wa leo kwa pesa ya leo. Huyo hakukataa kuweka. Hakuwa na cha kuweka. Kumlaumu ni kumwadhibu mara mbili. Na hata kwa yule mzembe, mtoto wake hakunywa bia. Maji ya mtoto mwenye kiu ni haki yake, tusiyaite hisani. Kwa hiyo kumuuzia jirani bidoni kwa bei mara tano siku ya shida, tunasema wazi, ni wizi, hata kama hakuna polisi wa kuuona.

Upande mwingine, hatufundishi ya kwamba baba atoe vyote, wanawe walale njaa. Mwenye nyumba ana deni la kwanza kwa waliomo ndani. Ndiyo maana kipimo kiwekwe mapema, wakati akili imetulia, kwani siku ya hofu mtu ama anafunga mkono kabisa, ama anatoa pasipo kufikiri. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimpokea mgeni kwa kipimo, kisha wakamfanya mfanyakazi mwenzao. Nasi tuseme: katika bidoni sita, moja ni ya mlangoni, ya anayepiga hodi. Na anayepewa leo, kesho aende pamoja nasi kuchota.

Tena, njia bora ya kulinda akiba yako ni jirani naye kuwa na yake. Tunajua likirimba: kila mwezi watu wanachanga, mmoja anapokea. Kwa nini kwenye avenyu watu kumi wasichange kila mwezi kununulia nyumba moja bidoni mbili zenye kifuniko na kilo chache za unga, hadi nyumba zote kumi zimalizike? Hapo hata mama wa nyanya ataingia, kwani kidogo kidogo anaweza. Siku hiyo hiyo ya kuchanga, watu wajue nani ana mzee asiyeweza kutembea, nani atambeba, na watoto wakipotezana wakutane wapi.

Tunawaomba basi akina baba na akina mama wanaosoma kurasa hizi: juma hili wakae na watoto wao, wahesabu bidoni, waonyeshe mfuko wa makaratasi ulipo, na wamwambie kila mtoto jina zima la mzazi wake na jina la kartye yao. Kisha wavuke ua, wamuulize jirani: "Na kwenu, muko na nini?"