Jina na Harufu

Kitu kikibadilika ndani, jina likabaki lile lile, je, ni haki kuendelea kukiita kwa jina hilo? Swali hili la kale laweza kupimwa kwa manukato ya wanaume yaitwayo Old Spice. Kampuni ya Shulton ya Marekani iliyatoa mwaka 1938, yakiwa na ukali wa viungo ambao pua ya mtu wa Pemba huutambua upesi: karafuu na mdalasini. Mwaka 1990 Procter & Gamble ikalinunua jina hilo; baadaye chupa ya kioo ikawa ya plastiki. Wengi waliohifadhi chupa za zamani hudai kuwa harufu ya awali ilikuwa nzito na ya kudumu, na ya sasa ni nyepesi.

Wepesi si dhambi. Huko Kagera, wilaya ya Biharamulo ilimegwa mwaka 2005, ikazaliwa wilaya ya Chato. Biharamulo ikapungua, jina likabaki. Wala hapana aliyedanganywa, kwa kuwa mpaka mpya ulitangazwa.

Basi mabadiliko hayavunji uaminifu. Kimya ndicho kiuvunjacho. Mzee aliyeyajua manukato ya kwanza aweza kulalamika. Lakini kijana wa wilaya jirani ya Ngara, akinunua chupa yake ya kwanza leo, hawezi kudai asichowahi kukinusa. Kwake yeye, jina ndilo shahidi pekee. Na ushahidi hudaiwa ukweli zaidi pale ambapo msikilizaji hana njia ya kuupima.