Mfuko wa wanafunzi hauishi kwa harambee ya siku moja



Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, sisi walimu wa dini hapa Singida huanza kupokea wageni. Anakuja mzee kutoka vijiji vya Ikungi au vya Mkalama, mkononi ana bahasha yenye barua ya mtoto kukubaliwa chuo. Anakaa, anajulia hali, anaulizia mvua, kisha anasema: “Ustadhi, mtoto kafaulu, lakini mimi sina kitu.” Na sisi tunaoangalia mfuko wa elimu wa msikiti tunajua kilichomo ndani ya mfuko huo, aghalabu hakivuki nauli ya kumfikisha huyo kijana Morogoro.

Wapo wanaouliza, mfuko wa nini tena ilhali elimu ni bure? Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake, na mwaka 2022 ikafuta ya kidato cha tano na cha sita. Bodi ya Mikopo nayo ipo tangu 2005. Lakini godoro halikufutwa, wala sare, wala nauli, wala chakula cha mtoto aliyepanga chumba mbali na kwao. Mkopo wa chuo kikuu si kila mwombaji anaupata, na anayeupata si lazima aupate wote. Binti aliyechaguliwa kusomea uuguzi katika chuo cha kati akikosa fedha ya muhula wa kwanza, nafasi yake haimsubiri, na yeye ndani ya miaka miwili ni mama wa nyumbani ambaye angekuwa anazalisha wake zetu. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, ndugu yangu Muislamu.

Sasa tazama namna tunavyochangisha. Tunaandaa harambee. Tunatafuta mgeni rasmi, tunakodi vipaza sauti na viti, tunapika pilau. Jogoo ananadiwa, na sisi Singida kwa kuku hatujambo, hata Dar es Salaam wanatujua. Watu wanapiga takbira, ahadi zinasomwa. Mwezi ukipita, mweka hazina anaanza kazi ya kuwafuata wenye ahadi, na simu hazipokelewi. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha tathmini ambapo gharama za shughuli yenyewe zilikaribia fedha taslimu iliyopatikana. Jina la mahali sitalitaja. Kwani ni wapi halijatokea?

Sisemi kuchangisha hadharani ni haramu, laa hasha. Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratul Baqara aya ya 271 kwamba kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichangisha hadharani. Amesimulia Jarir bin Abdillah (r.a.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba walikuja watu wa kabila la Mudhar wakiwa peku, nguo zao duni. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa kuona ufukara wao. Akamwamrisha Bilal aadhini, wakaswali, akahutubia, akahimiza kila mtu atoe katika dinari yake, dirhamu yake, nguo yake, pishi yake ya ngano au tende, mpaka akataja hata kipande cha tende. Mtu mmoja katika Answari akaja na mfuko ambao mkono wake ulikuwa unashindwa kuubeba, kisha watu wakafuatana, hadi yakawa marundo mawili ya chakula na nguo.

Zingatia mambo mawili hapo. Tajiri ana nafasi yake: yule Answari ndiye aliyefungua njia, na Mtume (s.a.w.) akasema baada ya hapo kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema anapata ujira wake na ujira wa watakaomfuata. Lakini kabla ya mfuko huo mzito kufika, kipande cha tende kilikwishatajwa juu ya mimbari. Mwenye kidogo alikaribishwa mapema, na kwa jina la kidogo chake. Harambee zetu humtaja wa mwisho, wakati sahani inapitishwa na mgeni rasmi yuko njiani kuondoka.

Tena kuna simulizi ya Abu Masoud (r.a.) katika Bukhari. Anaeleza kwamba ilipokuja amri ya kutoa sadaka, wao walikuwa wakibeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa. Abu Aqil akaleta nusu pishi, na mwingine akaleta kingi. Wanafiki wakasema huyu mwenye kidogo Allah hana haja na sadaka yake, na yule mwenye kingi anajionesha. Ndipo ikashuka aya ya 79 ya Suratut Tawba kuwakemea. Ninapopita soko la vitunguu la Misuna na kuwaona vijana wanaopakia magunia kwenye malori huikumbuka hadithi hii. Hao ni wenzao Abu Masoud. Nani amewahi kwenda kuwaomba mchango kwa heshima, akawaeleza unakwenda wapi?

Hesabu si ngumu. Msikiti wenye waumini 200 siku ya Ijumaa, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki, ni shilingi 100,000 kwa wiki na 5,200,000 kwa mwaka. Wala fedha hiyo haihitaji pilau. Siku hizi hata aliye safarini anaituma kwa simu.

Hata hivyo tuwe wakweli kuhusu watu wetu. Mkulima wa Singida hana mshahara wa mwezi. Fedha yake anaiona alizeti ikishavunwa na kuuzwa, yaani katikati ya mwaka, nasi tunamfuata Oktoba vyuo vikifunguliwa, wakati ameshanunua bati na kulipa madeni na anawaza mbegu. Tukimfuata mapema atatoa gunia la alizeti, debe la mtama au jogoo, na kamati ikauza. Zaka ya nafaka nayo ina wakati wake, siku ya kuvuna, na anayeilipa anaweza kumfikia mwanafunzi fakiri kwa sababu ya ufakiri wake. Ila zaka iwe na daftari lake mbali na sadaka, maana zaka ina wenyewe waliotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, haijengi ofisi ya kamati wala hainunui kompyuta.

Ama kuhusu kumtunza mtoaji, wengi hudhani ni kumpa kiti cha mbele. Katika Sura hiyohiyo, aya ya 103, Mtume (s.a.w.) ameamrishwa achukue sadaka katika mali zao na awaombee dua. Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) ameeleza kuwa baba yake alipopeleka sadaka yake, Mtume (s.a.w.) aliwaombea rehema jamaa wa Abi Awfa. Mpokeaji ana deni la dua, na ninavyoona mimi, dua ya mtu usiyemjua hata jina ni nyepesi. Kamati imjue mtoaji. Akifiwa, iende. Akiugua, imjulie hali. Akitoa shilingi 2,000, apate risiti na baada ya muhula aambiwe kwamba fulani amefaulu au amefeli. Ndiyo, hata kufeli aambiwe.

Na hapa niseme kidogo juu ya kumsimamisha mtoto jukwaani ashike cheti chake huku mtangazaji akieleza kwamba mama yake anauza karanga. Watu wanalia na fedha inaingia, nakubali. Lakini Allah (s.w.) amewasifu katika Baqara 273 mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Kijana aliyejizuia miaka sita ya sekondari tunamvua sitara hiyo kwa dakika kumi. Kisha aliyelipa ada anamtaja mitaani, na aya ya 264 inasema nini kuhusu masimango? Yanabatilisha sadaka. Kamati ijue siri za watoto, na watu waoneshwe hesabu.

Hesabu ndiyo penye ugonjwa mkubwa. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji, kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Jambo la hesabu lilipelekwa kwenye mimbari! Sisi taarifa ya fedha tunaisoma kwa watu saba chumbani. Ibandikwe mlangoni mwa msikiti kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Historia yetu ina funzo. Mwaka 1945 Aga Khan wa tatu alianzisha mjini Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, na utaratibu wake ulikuwa kwamba Waislamu wakichanga shilingi, naye anaongeza shilingi. Shule na misikiti ilijengwa Afrika Mashariki kwa njia hiyo. Kuvunjwa kwake hapa Tanzania mwaka 1968 ni mjadala mwingine, leo sitaugusa. Ninachokitazama ni masharti ya yule tajiri: mkono wake ulifuata mikono ya wenyeji, haukuitangulia. Linganisha na taasisi zilizoegemea mfadhili mmoja wa nje. Shirika la Al-Haramain la Saudi Arabia lilikuwa na matawi hapa na Kenya. Januari 2004 matawi hayo yakaingizwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Haki au dhuluma, mlango ulifungwa, na aliyekuwa na mlango mmoja tu hakuwa na pa kugonga.

Matajiri wetu wa Singida, wenye malori, vinu vya alizeti na nyumba za wageni, nawaomba wafanye kama ile ya shilingi kwa shilingi. Mtu aseme: mkifikisha milioni mbili kwa 500 zenu, nami naweka mbili.

Limebaki kundi moja. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilipoanza mwaka 1983 mpango wake wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, ilimpa mwanafunzi fedha kama mkopo usio na riba, na marejesho yakawa ya jamii yake ili yasomeshe wengine. Sisi tumewasomesha vijana bila kuwaambia kwamba kuna anayefuata nyuma yao. Leo wapo walimu, matabibu na maafisa kilimo, wengine Dodoma, wengine Mwanza. Majina yao yamo kwenye daftari la zamani la mfuko, na namba za wengi wao zinapatikana kwa wazazi wao. Kamati yetu imekwishagawana orodha, kila mjumbe majina kumi, na simu zitaanza kupigwa Jumatatu baada ya swala ya Alasiri.