MAFURIKO YA ZIWA NA SABABU ZAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mpaka kimo kisichoonekana tangu 1964. Kisumu, maji yaliingia majumbani kule Dunga. Nyando watu walihama na wanyama wao. Na Budalangi mto Nzoia ulibomoa kingo zake. Wakatokea wenye kusema ya kuwa hiyo ni adhabu ya ulevi na uzinzi wa watu wa ziwani, na wengine wakakimbilia hirizi. Maneno kama haya hurudi kila yajapo mafuriko. Basi natuyapime kwa mizani ya dini na ya akili.

Kwanza, msemaji amejuaje? Adhabu ya kaumu Nuhu na ya Aad tumeijua kwa wahyi, na wahyi umekwisha kukatika. Kuwahukumia watu fulani ya kuwa wameadhibiwa ni kusema juu ya ghaibu. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Lau angekuwa mpenda sifa, angalinyamaza. Lakini alisimama akawafundisha ya kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake; kisha akawaamrisha swala na dua.

Pili, maji hayakuchagua. Yalimfikia mlevi na mwenye kusujudu, mzee na mtoto mchanga; na ziwa lilipanda wakati ule ule Uganda na Tanzania. Na miji mingapi yenye maasi makubwa ilibaki mikavu?

Tatu, sababu yenyewe yajulikana. Zaidi ya nusu ya maji yaingiayo ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mto utokao ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvua ikizidi, yaingiayo huwa mengi kuliko yatokayo. Na mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande huu wetu, ikapoa upande wa Sumatra. Mvuke na mawingu vikaielemea Afrika ya Mashariki. Hali kama hiyo ilitokea 1961 na 1997, na kila mara ziwa lilipanda. Jambo likifuatana na sababu yake mara tatu, dalili huwa na nguvu kuliko uvumi wa barazani.

Atasema mtu: "Je, mwataka kumtoa Mungu katika kazi yake?" Hasha! Katika Suratur Rum Mwenyezi Mungu ametueleza ya kuwa Yeye ndiye apelekaye pepo, nazo zikayainua mawingu, ndipo mvua ikatoka. Amejitaja Yeye na amezitaja sababu, wala hakuona hitilafu baina ya mambo mawili haya. Mwenye kuijua sababu hakumpunguzia Mungu kitu. Ameisoma kazi yake.

Na Sayyidna Umar alipopata habari ya tauni ya Sham, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu ya kuwa aikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Basi mkaaji wa bondeni asiitegemee hirizi, kwani hirizi haizuii maji. Nasikilize habari za mvua, na ahame mapema. Nasi wa pwani tusijifanye makadhi wa dhambi za wenzetu: amwitaye jirani mwenye kuadhibiwa hupata udhuru wa kumnyima chakula na blanketi. Toba ni wajibu wetu kila siku, na aanze mtu kwa dhambi zake mwenyewe.

Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na mikono yenye kutoa. Amin.