JIWE HALIKUPIGA HODI!

Kijana mpendwa, umewahi kuona kimondo?

Ijumaa jioni, tarehe 9 Oktoba 1992, vijana wengi mashariki mwa Marekani walikuwa mpirani. Wanashangilia, hawana habari. Ghafla mbingu ikawaka! Mwamba wa angani, unakimbia kama kilomita 14 kwa sekunde moja, ukapita juu yao unang'aa na kukatika vipande. Kisha giza likarudi.

Umekwisha? Hapana! Jiwe la kilo 12 liliangukia mji wa Peekskill, likatoboa buti la gari la msichana mmoja. Yeye alikuwa ndani ya nyumba. Angekuwa anafungua buti saa ile je?

Mwaka huo huo, tarehe 14 Agosti, mawe ya kimondo yalinyesha Mbale, Uganda. Kipande kidogo kikampiga kijana kichwani, lakini hakuumia. Kwa nini? Kilianguka kwanza kwenye majani ya mgomba. Mgomba ulitangulia kupokea pigo!

Sikuambii kimondo ni uchawi, wala sisemi ndiyo mwisho wa dunia. Ni jiwe tu. Lakini nakuuliza: jiwe halikupiga hodi, je, kifo kitapiga? Na Yesu je? Yeye mwenyewe alifananisha kuja kwake na umeme (Mathayo 24:27).

Unasema, "Mimi bado kijana, nitaokoka nikizeeka." Nani kakupa hati ya kuzeeka? Hata mimi nilisema hivyo na rafiki yangu, tukacheka. Tulimzika ana miaka 19. Mimi nikabaki. Siwezi kunyamaza!

Dhambi ina mshahara wake (Warumi 6:23). Pigo lile lilikuwa lako na langu. Lakini pale msalabani Yesu alisimama katikati. Mgomba ulipunguza pigo tu. Yesu alilipokea lote (Isaya 53:5). Utamkataa mtu kama huyo?

Usingoje kesho. Hapo hapo ulipo omba hivi:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulipigwa kwa ajili yangu. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umeomba kwa moyo? Umeokoka! Usikae peke yako. Njoo mbele umwone mhubiri, tafuta na kanisa linalohubiri wokovu.

Ukimaliza kusoma, usitupe. Mpe mwenzako.