Anayefunga Ndiye Anayedaiwa

Kuku aliyenunuliwa sokoni haachiwi huru siku ya kwanza. Hufungwa kitambaa au kamba mguuni, akawekewa maji na pumba karibu na banda, na kwa siku kadhaa dunia yake huishia pale kamba inapokaza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Msemo huo tunawatupia watu waliohamia mtaani, lakini asili yake bado inaonekana katika kila ua wenye kuku. Kisha kamba hufunguliwa, na kuku hatoroki. Asubuhi hutoka kuchakura jalalani, kwenye mihogo, hata uani kwa jirani, na jua likizama hurudi bandani mwenyewe bila kuitwa. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kutolitazama tena. Ndani yake mna swali ambalo dini na falsafa zote mbili zimeligusa: kiumbe anayerudi kila jioni kwenye nyumba ya yule atakayemchinja anamdai nini mwenye nyumba?

Wanafalsafa wa Ulaya wametupa majibu mawili yanayojulikana sana. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba hatuna wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe. Tunapaswa kujizuia kumtesa kwa sababu mtu aliyezoea kutesa wanyama atakuwa mgumu kwa watu pia. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichochapishwa 1789, alisema cha kuulizwa ni kama mnyama anaweza kuumia, wala si kama anaweza kufikiri au kusema. Jibu la Kant linamfaa mzazi anayelea mtoto, lakini kuku mwenyewe halimwachii chochote. Jibu la Bentham ni bora zaidi, ila halitoshi. Kanga wa porini kule Ruaha na kuku wa nyumbani Iringa wote wawili huumia kwa kiu. Kanga akifa kiangazi, hakuna anayemnyooshea kidole mkazi wa Iringa. Kuku akifa kwa kiu ndani ya banda lililofungwa, kila mtu anajua nani ametenda kosa, hata kama sheria haijatajwa. Maumivu ni yale yale, lawama ni tofauti. Kuna kitu zaidi ya maumivu kinacholeta deni.

Kitu hicho kimeelezwa vizuri katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Wasimulizi hawakuishia kusema kwamba alimtesa. Walitaja mambo mawili ambayo hakuyafanya: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Lau angefanya moja kati ya hayo, hesabu yake ingekuwa nyingine. Paka wa mitaani ambaye hakufungiwa na mtu angekufa njaa bila mwanamke yule kuulizwa kwa namna hiyo. Kilichomtia hatiani ni mlango alioufunga. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Umemshika kwa kazi yako, basi usimzibie riziki iliyo chini ya miguu yake. Kutokana na maandiko haya mawili nachukua kanuni moja, ambayo ndiyo hoja yangu yote: deni la mfugaji hutokana na kumfunga mnyama, na kadiri anavyomfunga zaidi ndivyo anavyodaiwa zaidi.

Mkristo makini anaweza kunikumbusha kwamba Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliitaja sheria hiyo ya ng'ombe kisha akauliza kama kweli Mungu anawahangaikia ng'ombe, au aliyasema hayo kwa ajili ya watu. Wapo waliosoma hapo kwamba mnyama hana sehemu katika sheria. Nadhani wamesoma haraka. Paulo alikuwa akitetea haki ya mhubiri kuishi kwa kazi yake, na hoja yake inasimama tu ikiwa ni haki kweli kwa mpuraji kula katika anachokipura. Ukiiondoa haki ya ng'ombe, ya mhubiri inabaki hewani. Tena Biblia ile ile, katika Mithali sura ya 12, inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Neno "wake" hapo lina uzito. Anazungumziwa mnyama aliye chini ya mkono wa mtu.

Tuijaribu sasa kanuni hii uani. Kuku wa kienyeji anayezurura kijijini ana mengi anayojitimizia. Hujichagulia kivuli, huokota mchwa na punje, huoga vumbi pale anapopaona panafaa, hutafuta pembe yenye giza ya kutagia. Mwenye kuku huyo anadaiwa kidogo: maji, paa, mlango wa kumzuia kicheche usiku, na jicho la kuangalia mwewe wakati wa vifaranga. Lakini mjini, Dar es Salaam au Mombasa, viwanja ni vyembamba, jirani ana mchicha wake, na barabara ina bodaboda. Kuku lazima afungiwe. Sisemi ni dhambi kumfungia. Nasema kwamba kila alichokuwa akijitafutia sasa kimehamia kwenye daftari la mfugaji, na daftari hilo ni refu kuliko debe la chakula. Mababu wa kuku ni ndege wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, wanaolala juu ya matawi. Kwa hiyo fito ya kulalia si pambo la banda. Marian Dawkins wa Oxford alitumia miaka mingi akiwapa kuku nafasi ya kuchagua wenyewe wanachokitaka, na watafiti wengine walipoweka kiota nyuma ya mlango mzito, kuku aliyekaribia kutaga aliusukuma kwa nguvu ili akifikie. Mtu akiweka vizimba vya waya ambamo kuku hawezi kunyoosha bawa, halafu akasema anawalisha vizuri, amelipa sehemu tu ya anachodaiwa. Uingereza ililiona hilo baada ya Ruth Harrison kuandika juu ya ufugaji wa viwandani mwaka 1964. Kamati ya serikali iliyoongozwa na mtaalamu aitwaye Brambell ilitoa ripoti mwaka uliofuata, ikitaka kila mnyama wa kufugwa aweze walau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu, yaani visivyo na fito wala kiota, vya kuku wa mayai kuanzia 2012. Inasikitisha kwamba vizimba vya aina hiyo vinauzwa kwetu leo kama alama ya maendeleo.

Wako watakaosema haya ni mawazo ya walioshiba. Familia inayohesabu shilingi ya karo haiwezi kuulizwa juu ya fito na kuoga vumbi. Naliheshimu pingamizi hili, kwa sababu mara nyingi kuku ndiye benki ya mwenye mkono mfupi. Lakini hebu tuangalie ni kitu gani hasa kinachowaua kuku wa kienyeji na kuwatesa. Cha kwanza ni kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Ugonjwa huo ukiingia kijijini unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, huku wakipinda shingo na kuharisha kijani. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa kufikiria vijiji visivyo na jokofu. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja hutosha kuku wa kaya kadhaa zikipatana siku. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai lake. Cha pili ni namna tunavyowabeba: miguu imefungwa pamoja, vichwa chini, wameningʼinia kwenye usukani wa baiskeli kutoka kijijini hadi sokoni. Kuku hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hivyo akigeuzwa kichwa chini uzito wa matumbo hulalia mifuko yake ya hewa. Tenga limekuwapo tangu zamani, na kulitumia hakuhitaji utajiri. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila safari hizi zinaendelea mbele ya macho ya wote. Umaskini unapunguza deni pale uwezo ulipokoma. Haufuti yale ambayo yangewezekana kwa tone la dawa na tenga la makuti.

Pingamizi jingine linatoka upande wa akili. Kuku hakuweka mkataba na mtu. Anarudi bandani kwa mazoea tu, hajui maana ya kuaminiana, na mtu hawezi kumsaliti asiyejua kwamba amemwamini. Nakubali sehemu ya kwanza: nikisema anarudi mwenyewe, simaanishi kwamba amefikiri na kuamua. Hitimisho lake silikubali. Mlezi wa yatima anashika mali ya mtoto mchanga ambaye hajui mali ni nini wala mlezi ni nani, na bado Qurani inawaonya vikali wanaokula mali ya yatima. Kutojua kwa mtoto hakukupunguza amana, kulizidisha uzito wake, kwa kuwa hana namna ya kuja kudai. Kuku ni zaidi ya hapo kwa jambo moja: mazoea yake tumeyajenga sisi, kwa kamba na pumba za siku zile za mwanzo. Aliyemzoesha mwenzake kumtegemea hawezi kujitetea kwamba yule hakuelewa alichozoeshwa.

Zito kuliko yote ni pingamizi la kisu. Ikiwa kuku ana haki kwangu, mbona namla? Wafuasi wa dini ya Ujaini wa Nairobi na Mombasa hawali nyama kabisa, na mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha 1975, alitaka maumivu ya mnyama yapewe uzito ule ule unaopewa maumivu ya mtu yanayolingana nayo. Msimamo wao una heshima kubwa machoni pangu. Hata hivyo, kusaliti ni kuvunja kile ulichomfanya mwingine akitegemee. Kuku amefanywa ategemee maji, chakula, usiku usio na kicheche na mkono usiotisha. Hakufanywa ategemee kutokufa. Mpinzani atasema, kwa haki, kwamba utulivu huo huo ndio unaomfanya akamatwe kwa urahisi: huchukuliwa usiku juu ya fito, bila purukushani, na aliyemlinda. Kwani hilo si usaliti? Mimi naona ni kinyume chake. Njia nyingine ni kumfukuza asubuhi ua mzima, watoto wakipiga kelele, mpaka achoke na kujificha kichakani, na hapo atakufa akiwa ameonja hofu ambayo haikumpasa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus, mchinjaji anaamrishwa kunoa kisu na kumpa mnyama raha. Imepokewa pia kwamba Mtume Muhammad alimkemea mtu aliyenoa kisu mbele ya macho ya mnyama, kana kwamba anataka kumuua mara mbili. Hapa kifo kimeruhusiwa, hofu imekatazwa, na vitu hivyo viwili havijachanganywa. Jina la Mungu linalotajwa wakati wa kuchinja nalo ni kukiri kwamba uhai ule haukuwa mali ya mwenye kisu, naye anauchukua kwa ruhusa. Kama kuna mtu ambaye bado moyo unamgomea baada ya hayo yote, amwache kuku wake azeeke; hakuna dini inayomlazimisha kula nyama kila wiki.

Limebaki la nyumbani, ambalo naliona linapuuzwa kuliko mengine. Kuku wa ua mmoja mara nyingi wana wenyewe tofauti: hawa wa mama, yule wa bibi, tembe mwekundu wa mtoto aliyepewa akiwa kifaranga na kuambiwa "huyu wako". Mtoto humpa jina, humwekea masalia ya ubwabwa, humtafuta asipoonekana jioni. Mgeni anapofika ghafla, baba huchagua aliye karibu. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, nabii Nathani alimsimulia Mfalme Daudi kisa cha maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake, na tajiri aliyemchinja mwanakondoo huyo kwa ajili ya mgeni. Daudi aliwaka hasira kabla hajajua kwamba kisa kinamhusu yeye. Kosa la tajiri halikuwa kuchinja, kwa maana alikuwa na kondoo wengi na angechinja mmoja wao bila lawama. Alichukua kilichopendwa na mwingine, akakifanya ukarimu wake.

Baba anaweza kujibu kwamba mtoto na mali yake ni wa baba, na ni kweli wanazuoni wengi wa Kiislamu wamemruhusu mzazi kurudisha zawadi aliyompa mwanawe. Lakini ruhusa hiyo inahusu mali, wala haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Na uongo ndio unaotumika mara nyingi: mtoto akirudi shule huambiwa kuku wake amechukuliwa na mwewe, huku manyoya yakiwa bado jalalani. Hapo madeni mawili yamevunjwa kwa siku moja. La kuku lilikuwa limelipwa vizuri na mtoto mwenyewe, kila jioni. La mtoto limevunjwa na mtu mzima aliyemfundisha kutunza kisha akamfundisha kwamba kutunza hakumpi mtu sauti. Mama anayekuta kuku wake wa mayai amechinjwa bila kuulizwa anajua uchungu huo huo, ila yeye amezoeshwa kuunyamazia. Kwa hiyo kuku mwenye mwenyewe aombwe kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ana miaka minane, na aliyeombwa awe na nafasi ya kukataa kwelikweli. Akikataa, mgeni atapikiwa maharage ya nazi, na haki yake ya ugeni itakuwa haijapungua.