Msimpigie Magoti Rais

Ndugu zangu katika Bwana, fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, msome kuanzia aya ya 14 hadi mwisho. Israeli hawana mfalme bado, na tayari Musa anamwekea mipaka huyo ajaye. Asirundike farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Akishakaa kitini ajinakilie sheria kwa mkono wake, aisome kila siku ya maisha yake, asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Mfalme hajazaliwa, kitabu cha kumtawala kipo!

Wakenya, nasi tunacho kitabu. Tulikipigia kura wenyewe, kikazinduliwa pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 131 kinampa rais uongozi wa taifa na wa serikali, kinamfanya Amiri Jeshi Mkuu, kisha papo hapo kinamwagiza ailinde Katiba, adumishe umoja na kutetea haki za binadamu. Mzigo huo ni wa kutetemesha. Paulo alimwagiza Timotheo watu wawaombee wenye mamlaka. Sisi tumeacha kumwombea rais, tunamwomba yeye.

Msafara unasimama sokoni. Mama anapiga magoti kwenye vumbi aletewe lami, wazee wanalilia stima, rais anachomoza juu ya paa la gari na kuahidi, na umati unalipuka kwa vigelegele. Mama yangu, inuka! Hata shilingi moja haitoki katika hazina ya taifa bila idhini ya sheria na ya Msimamizi wa Bajeti. Lami unayoililia ni kodi uliyokatwa ukinunua mafuta na sabuni. Hiyo ni mali yako, na anayeiahidi juu ya gari ni mtumishi uliyemwajiri kwa miaka 5.

Wazee wenu wanajua tulikotoka. Mwaka 1982 sheria ilitufunga katika chama kimoja, na hatukufunguliwa hadi Desemba 1991. Mwaka 1988 majaji walinyang'anywa kinga ya kazi yao, wakawa wanaketi kwa hisani ya Ikulu. Chini ya jengo la Nyayo House watu waliteswa kwa kuthubutu kuuliza. Ndiyo maana leo mawaziri hawazidi 22, na lazima Bunge la Kitaifa liwapige msasa. Ndiyo maana tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, na nchi ikarudi kupiga kura. Uhuru huo ulilipiwa kwa damu, jamani. Mtaurudisha kwa pakiti ya unga?

Na ninyi wachungaji wenzangu, hapa moyo wangu unawaka. Nani alimfundisha mwanasiasa kwamba madhabahu hukodishwa? Ni sisi! Tulimpisha kwenye mimbari, tukahesabu bahasha, waumini wakapiga makofi. Nathani angepokea bahasha ya Daudi, ulimi wa kumkemea kwa ajili ya Uria angeutoa wapi? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa rais na kuagiza urudishwe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Inawezekana! Paa la kanisa lisubiri mwaka mwingine, mnyeshewe, lakini kinywa cha nabii kibaki huru.

Basi rais akija Jumapili, mpeni nafasi kwenye benchi, aimbe nasi, aungame nasi, na maikrofoni ibaki kwa mhubiri. Someni Katiba katika vikundi vyenu vya nyumba kwa nyumba, kifungu kwa kifungu, kuanzia cha 129 hadi cha 155. Na juma lijalo nendeni katika ofisi ya mbunge wenu mkamwulize, mkiwa mmesimama wima, bajeti ya taifa aliipigia kura gani.